Acheni ziara za kiangazi

Mgeni anayefika Zombo mwezi Oktoba huona vumbi. Majani yamekauka, mabua ya mahindi yamesimama mashambani kama yalivyoachwa na wavunaji, makorongo ambayo wakati wa mvua hupeleka maji upande wa Mto Miyombo yamebaki mchanga mtupu, na akina mama wamepiga magoti ndani ya mchanga huo wakichota maji kwa kata kutoka kwenye shimo walilolichimba wenyewe. Chini ya mwembe wamekaa wanaume kadhaa, na pombe iko katikati yao. Mgeni hutazama saa yake. Katika daftari lake huandika maneno mawili, "nusu jangwa", kisha huongeza la tatu, "uvivu". Ifikapo alasiri gari lake limekwisha kurudi Kilosa au limeshika njia ya Mikumi, na baada ya siku chache taarifa yake iko mezani kwa mkubwa wake, ikiwa na mapendekezo sita.

Mimi ni mmoja wa wageni hao. Sahihi yangu imo katika kitabu cha wageni cha ofisi ya kijiji kimoja cha ukanda huo ulio kati ya Kilosa na Mikumi, na tarehe iliyo kando yake ni ya Oktoba. Nilikaa saa mbili na nusu, nikala wali na kuku wa mwenyekiti, nikaandika makala iliyosifiwa. Ningebaki na sifa hizo mpaka leo kama shughuli nyingine isingenirudisha huko mwezi Februari, safari hii bila msafara. Gari lilikwama kwenye matope nikamalizia njia kwa miguu, suruali nimeikunja mpaka magotini. Kwa hiyo shutuma zilizomo katika makala hii naanza kuzielekeza kwangu mwenyewe, kabla sijazielekeza kwa mtu mwingine yeyote.

Nilichokikuta Februari kilikuwa kinyume cha kila nilichoandika Oktoba. "Nusu jangwa" ile ilikuwa ya kijani mpaka macho yanachoka. Makorongo yalikuwa yamejaa maji mekundu yanayokwenda kwa kishindo. Chini ya mwembe hapakuwa na mtu hata mmoja. Wanaume, wanawake na vijana walikuwa mashambani tangu kabla ya jua kuchomoza. Wala pombe haikuwapo, kwa sababu pombe hutengenezwa kwa nafaka, na nafaka haikuwapo. Maghala niliyoyaona yamejaa Oktoba yalikuwa matupu. Ardhi ilipokuwa kavu watu walikuwa wameshiba. Ilipokuwa kijani, watu walikuwa na njaa.

Nilimkuta mzee mmoja akipalilia. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaitazama miguu yangu iliyojaa tope, akacheka. Nilimsifu kwa shamba zuri. Akaniambia, "Hili si langu. Langu liko kule ng'ambo, limemezwa na majani. Hapa nalima kibarua nipate debe la mahindi, wajukuu wale jioni." Nikamuuliza atapalilia lini la kwake. Akasema, "Tukishakula."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo umo uchumi wote wa mkulima mnyonge wa bonde kama hili, na haumo katika taarifa zetu. Tuufuate hatua kwa hatua. Mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, akiba ya chakula ya familia maskini imekwisha au inakaribia kwisha. Januari shule hufunguliwa, na mzazi hudaiwa sare, madaftari na viatu katika mwezi ule ule anaponunua mbegu. Malaria huongezeka pamoja na madimbwi. Familia isiyo na kitu ina njia mbili tu. Ya kwanza ni kuuza nguvu zake, yaani kulima shamba la mwenye nacho katika wiki zile zile ambazo shamba lake lenyewe linahitaji palizi. Ya pili ni kuuza mazao yakiwa bado shambani, mabichi, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Akichagua ya kwanza, atavuna kidogo kwa sababu alichelewa kupalilia. Akichagua ya pili, atavuna vizuri lakini mavuno hayatakuwa yake. Mara nyingi huchagua zote mbili. Kisha Julai mdai anafika na gunia lake la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, na kijiji kinapakiwa kwenye lori.

Hapo ndipo sisi tunapowasili. Tunawasili Julai, Agosti na Septemba, tumevaa fulana za kampeni, na tunawahutubia wakulima: Ndugu wananchi, acheni tabia ya kuuza chakula chote! Tunalisema hilo kwa ukali wa mzazi anayemkemea mtoto mharibifu. Tungekuwapo Februari tungejua kwamba tunayemhutubia hakuuza chakula Julai. Alikiuza Februari, alipokuwa hana, na Julai anakabidhi tu mali ya watu. Deni hufungwa wakati wa mvua na kulipwa wakati wa kiangazi. Sisi huona malipo, tukayaita ulevi na upumbavu.

Hata sheria zetu nzuri huumia kwa upofu huo. Bunge lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005 ili mkulima ahifadhi mazao yake ghalani, apate stakabadhi, angojee bei. Ni wazo la haki. Lakini anayeweza kungojea bei ni yule ambaye mazao yake ni yake siku anapoyavuna. Yule aliyekwisha kuyauza yakiwa na urefu wa goti hana cha kupeleka ghalani. Kumkomboa huyu kunahitaji chakula cha mkopo au fedha ya mkopo wa haki mwezi Januari, na hakuna mtu atakayelipendekeza jambo hilo kama hajafika kijijini mwezi Januari. Mkulima mwenyewe tunamwadhimisha siku ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti, jembe likiwa limepumzika na maboga yamepangwa mezani. Sherehe hiyo ni halali yake. Lakini je, mwezi Februari, jembe linapofanya kazi, tunamwadhimisha kwa nini?

Na sasa nije kwenye tuhuma ya uvivu, ambayo baadhi yetu wasomi tunaipenda kuliko tuhuma nyingine zote kwa kuwa haituhitaji kufanya lolote. Mwalimu akionekana katikati ya Desemba ameketi barazani kwake, miguu ameinyoosha, anasikiliza redio, je, huandikwa kwamba walimu wa Tanzania ni wavivu? La hasha! Husemwa kwamba mwalimu yuko likizo, tena likizo aliyoifanyia kazi. Karani akipumzika Jumapili haitwi mzembe. Mkulima aliyelima, akapanda, akapalilia mara mbili, akalinda nguruwe na nyani usiku, akavuna, akapukuchua na kubeba kwa kichwa, akiketi chini ya mwembe Septemba mvua zikiwa mbali, huyo ndiye mvivu wa taifa! Kosa lake ni kwamba likizo yake imeangukia katika msimu wetu wa ziara.

Mtu asidhani kwamba haya ni makosa madogo ya adabu. Nchi hii imewahi kulipa gharama kubwa kwa ajili ya watu waliotazama ardhi kwa haraka. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilileta ujumbe wa wataalamu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa Afrika Mashariki kwa mamilioni ya ekari. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari zao wakiwa ndani ya ndege, na taarifa yao ikakubaliwa. Kongwa, upande wa pili wa milima ukitokea Kilosa, ikachaguliwa. Mwaka 1947 matrekta yakashushwa. Ndipo ikagundulika kile ambacho kila Mgogo alikijua tangu utoto wake: kwamba mvua ya huko haina ahadi, na kwamba udongo ule ukishapita mvua hukauka na kuwa mgumu kama saruji, karanga zikazikwa ndani yake zisitoke. Mwaka 1951 mpango ulitupwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Wenyeji hawakuulizwa. Kwa nini waulizwe, na wataalamu walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao wenyewe kutoka angani?

Itakuwa rahisi kucheka wakoloni na kuishia hapo. Lakini uaminifu wa kimapinduzi hauruhusu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Chama na Serikali viliwahamishia mamilioni ya wananchi katika vijiji. Lengo lilikuwa jema: shule, zahanati na maji haviwezi kupelekwa kwa watu waliotawanyika. Lakini uhamishaji mwingi ulifanywa wakati wa kiangazi, na watendaji wengi walichagua mahali pa kijiji kwa kuangalia barabara badala ya udongo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika taarifa yake ya mwaka 1977 ya kupima miaka 10 ya Azimio la Arusha, hakulificha jambo hilo. Alikiri kwamba zilikuwapo sehemu ambako watu walitolewa penye maji ya kudumu wakapelekwa pakavu. Kama kiongozi mkuu wa nchi aliweza kukiri kosa hilo hadharani, sisi wa ngazi za chini tunaona haya ya nini?

Hata wageni wametusomea tabia yetu. Mwaka 1983 Mwingereza Robert Chambers, ambaye aliwahi kuwa ofisa wa utawala Kenya, alitoa kitabu kuhusu maendeleo vijijini. Humo alieleza jinsi maofisa na wataalamu wa nchi maskini na tajiri wanavyozuru vijiji: hufuata barabara nzuri, huenda penye mradi, huzungumza na wanaume na wenye mali, huogopa kwa adabu kuuliza yaliyo machungu, na huenda wakati wa kiangazi. Kwa hiyo umaskini wa wakati wa mvua, ambao ndio mbaya kuliko wote, hauonekani kamwe. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu yaandikwe hayo, na msafara wetu bado unaondoka Julai.

Nazijua sababu zitakazotolewa, kwa maana nimewahi kuzitoa. Ya kwanza ni kwamba barabara hazipitiki wakati wa mvua. Sababu hii, badala ya kumtetea mtoaji wake, inamshitaki. Kama barabara haipitiki kwa gari la Serikali lenye magurudumu manne yanayovuta, inapitikaje kwa mama mjamzito aliyefungwa kwenye baiskeli? Ofisa aliyekwama kwenye tope ana habari muhimu kuliko ofisa aliyefika salama, na angepaswa kuandika taarifa yake akiwa pale pale alipokwama.

Ya pili ni fedha. Mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Fungu la safari huwa nono Agosti na kukonda Februari. Ni kweli. Lakini fungu halikukondeshwa na mvua. Lilikondeshwa na sisi, tulioamua kulitumia katika semina, warsha na ziara za miezi minne ya mwanzo. Mtu anayejua kwamba watoto wake watakuwa na njaa Februari hali mahindi yote Agosti. Hilo ndilo tunalowahutubia wakulima kila mwaka!

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba wakulima hawana nafasi ya kuonana na wageni wakati wa kilimo. Hapa nakubali nusu. Hawana nafasi ya kukaa kwenye mkutano wa hadhara saa tano wakisubiri mgeni rasmi aliyeahidiwa saa tatu. Lakini wana nafasi ya kuzungumza na mtu aliyesimama nao kwenye mstari wa palizi. Ugumu uko kwetu tusiotaka kusimama hapo.

Haifai kusema kwamba Kilosa haijawahi kuona wakubwa wakati wa mvua. Imewaona. Iliwaona Desemba 2000, baada ya watu 38 kuuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Iliwaona tena mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo, maelfu ya watu wakapoteza makazi na reli ya kati ikakatika kwa miezi. Wakati huo njia zilipatikana, mafuta yalipatikana, na wageni wakalala kwenye mahema. Kumbe inawezekana! Inahitajika tu kwamba watu wafe kwanza au reli ikatike. Njaa ya kawaida ya Februari, isiyovunja daraja wala kutoa picha, haina msafara. Na hata hivyo ugomvi juu ya malisho na mashamba ya mabondeni haukuanza siku ya mauaji. Ulikuwa ukikua msimu baada ya msimu, katika miezi ambayo mifugo inatafuta maji na mahindi yanaota, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiandika taarifa ambazo hazikusomwa.

Watu hao ni nani? Ni mwalimu wa shule ya msingi, ni bwana shamba, ni muuguzi wa zahanati. Hapa nazungumza nawe, ndugu mwalimu uliyepangiwa bonde kama hili. Wewe huhitaji kuzuru kijiji, kwa kuwa unaishi humo. Daftari lako la mahudhurio ni taarifa ya uchumi iliyo sahihi kuliko nyingi zinazopigwa mihuri mjini. Wewe unajua ni wiki gani mtoto wa mstari wa mbele huanza kusinzia saa nne, ni wiki gani viti huanza kubaki vitupu, na ni nani kati ya watoto hao yuko shambani kwa mtu akilima kibarua pamoja na mama yake. Ukitaka kumjua adui wa elimu katika bonde lile, linganisha ukurasa wa Februari na ukurasa wa Agosti. Lakini ni nani aliyewahi kukuomba ulinganishe? Mkaguzi hutafuta wastani wa mwaka, na katika wastani wa mwaka njaa ya Februari huzikwa ndani ya shibe ya Agosti.

Umangimeza haukai mezani tu. Siku hizi una gari, una viatu vya safari na kofia ya jua, na hujiita "kwenda kwa wananchi". Mangimeza wa zamani alikuwa walau hajui na anajua kwamba hajui, kwa kuwa hakutoka ofisini. Huyu wa sasa amekwenda, amerudi, na anasema, "Mimi nimefika, nimeona." Ujinga uliopigwa muhuri wa ziara ni mgumu kuondoa kuliko ujinga wa kawaida.

Nini kifanyike? Sipendekezi tume wala semina. Napendekeza mambo manne ambayo hayahitaji sheria mpya.

Kwanza, kila ofisi ya wilaya na ya mkoa itenge tangu Julai nusu ya fungu lake la safari za vijijini kwa miezi ya Januari, Februari na Machi, na fungu hilo lisiguswe kwa shughuli nyingine. Barabara ikishindikana, mwenda kwa miguu aandikiwe posho ile ile ya mwenda kwa gari.

Pili, ziara isiyolala kijijini isihesabiwe kuwa ziara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mgeni asilale kwa mwenyekiti.

Tatu, shule na zahanati zitoe takwimu zake kwa mwezi badala ya mwaka mzima, na Halmashauri izisome Machi, wakati bado kuna la kufanya.

Nne, kila kijiji kihifadhi kitabu chake cha wageni na kukileta kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wasomewe tarehe. Wajue ni nani kati ya watumishi wao huwajua wakiwa na njaa, na ni nani huwajua wakiwa na kuku.

Ndugu mtumishi wa umma, usingoje maagizo. Kesho asubuhi fungua daftari lako la safari za mwaka uliopita, uhesabu siku zako za vijijini kati ya Januari na Machi. Mimi nilipohesabu zangu nilipata sifuri, na miaka yote hiyo nilikuwa nikiitwa mwandishi wa habari za wakulima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanavijiji wa Zombo hawajapata nafasi ya kututendea kwa desturi hiyo, kwa sababu hatujawahi kuifikia hiyo siku ya tatu. Mvua zijazo zikianza, twendeni, tukae mpaka tupewe jembe.